Mashine Isiyojua Kurudi Nyuma

Vumbi la pamba huamka kabla yangu. Nikisukuma dirisha la chumba cha kushonea, mwanga unaingia kwa kuinama, kama mteja anayekuja kuomba mfuko kwenye nguo iliyokwisha kukatwa, na vumbi linanyanyuka kumpokea. Chembe nyekundu za sare za shule. Chembe nyeupe za shuka. Nyingine za buluu, nguo yake siikumbuki tena. Zinapanda, zinazunguka, zinashuka, hazina haraka na mtu. Ukizitazama sana utadhani zinasimuliana.

Hapo, katikati ya mwanga huo, ndipo ninapoandika. Usicheke. Mwanamke aliyeishia darasa la saba, vidole vimepinda kama vishikio vya mkasi, ameketi anaandika hadithi. Haya, cheka kidogo, kisha njoo tuendelee.

Chumba hiki ni cha watu wawili, mimi na Dada. Cherehani yake kushoto kwa dirisha, yangu kulia, tumetazamana miaka arobaini na moja kama vikombe viwili kwenye sinia moja. Mama yetu ndiye aliyetufundisha, tukigombania kiti kimoja, yeye amesimama nyuma yetu na neno lake lilelile. Kanyaga, uzi ungalipo. Mshono umepinda? Kanyaga, uzi ungalipo. Umelia? Futa kamasi, kanyaga, uzi ungalipo.

Na kazi yetu ilikuwa na sheria. Mikono ikishona, midomo inategeana vitendawili, na anayeshindwa kutegua ndiye anayeshona matundu ya vifungo ya siku hiyo. Kwa mkono. Yote. Kama hujawahi kushona matundu ya vifungo ya sare thelathini, basi hujui kwa nini binadamu hujifunza kufikiri.

“Kitendawili!” nasema mimi.

“Tega!” anasema Dada, mguu haujasimama.

“Nimetembea kutwa kwa mguu mmoja, jioni nipo palepale.”

“Cherehani. Ukinitegea vya namna hiyo, Kasuku, utashona matundu hadi uote mvi.”

Kasuku ni mimi, kwa sababu ya mdomo. Mvi nimeota. Matundu nimeshona. Dada alitegua vitendawili kama anavyokata kitambaa, mara moja, bila kuchora chaki.

Kisha masikio yake yakaanza kufunga, taratibu, kama duka la mtu mwenye adabu: mlango mmoja, halafu nusu ya mlango wa pili, halafu taa. Hospitali wakampa kifaa cha sikio. Kikapiga mluzi. Baadaye hata mluzi hakuusikia.

Nikawa napiga kelele. Nikisema “kitendawili”, paka wa jirani anaruka ukuta. Dada anauliza, “Unasemaje?” Narudia. “Unasemaje?” Narudia. Na siku moja, Mungu anisamehe, pini mdomoni na mteja mlangoni, nilipunga mkono nikamwambia, “Aah. Si kitu.”

Maneno mawili tu. Hayakufika masikioni, lakini macho yake hayajawahi kuwa na uziwi. Aliyasoma midomoni mwangu kama anavyosoma namba kwenye futi. Akasimamisha mguu. Akafunika cherehani yake kwa shuka. Akageuza kiti kikatazama ukuta, na hakusema neno siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Miezi saba, mwenzangu. Miezi saba nimekula na mgongo.

Wakubwa walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sibishi. Lakini mimi nimefagia maji mengi kizingitini, na najua yapo yanayofuata ufagio.

Nilianza na vikaratasi. Vidole vyangu haviwezi kalamu zaidi ya mistari miwili, kwa hiyo vikaratasi vikawa vya amri: Kula. Dawa. Vaa sweta. Nani atamjibu mtu anayemwandikia Dawa? Dada alivikunja mara nne, akavitia chini ya mguu wa meza inayocheza. Meza ikatulia. Mimi sikutulia.

Nikajaribu simu, nimwandikie kitu kirefu, kitu cha moyo. Simu ni soko. Naandika “Dada yangu”, inalia: picha ya mtoto wa jirani amejipaka unga hadi kwenye nyusi. Naandika “ninataka kukuambia”, inalia: kikundi cha ukoo wanabishana ni nani aliyeondoka na sufuria kubwa baada ya harusi. Nikaingia kwenye ubishi, maana sufuria ni langu. Nilipozinduka, mchana umekwisha, sufuria halijapatikana, na barua ya Dada bado ina maneno manne.

Ndipo mjukuu wangu mkubwa, yule anayefanya kazi ya kutafsiri, aliponijia na kitu kwenye mfuko wa kitambaa.

“Bibi, hii ni taipureta ya siku hizi. Haina mtandao, haina picha, haina mtu wa kukupigia. Ina herufi tu.”

“Na redio?”

“Haina.”

“Hata saa?”

“Haina, Bibi. Ukiiwasha unaandika. Ukichoka unaizima.”

“Basi hii si mashine,” nikamwambia. “Hii ni mtawa.”

Na Mtawa likawa jina lake. Kibao cha vitufe, juu yake kioo chembamba kisichozidi kiganja. Mistari minne tu inaonekana; iliyotangulia imeshapanda juu, imejificha kama watu walioingia ndani kulala. Haulizi nani kaoa. Hajui bei za sokoni. Ukikaa kimya, anakaa kimya nawe, mstari mdogo unapepesa mahali neno linapongojewa, kama kope za mtu mwenye subira.

Kitendawili, mwenzangu unayenisoma. Ndugu ishirini na sita wamekaa barazani kimya. Ukimgusa mmoja kichwani, anatoa kipande cha neno. Ndiyo, vitufe. Nimekutegulia mwenyewe, maana matundu ya vifungo ya kukupa leo sina.

Na Mtawa ana ukaidi mmoja. Harudi nyuma. Hakuna kwenda katikati ya habari kubadilisha neno moja ukarudi mwisho kama hujatoka. Ukitaka kufuta, unafuta kuanzia ulipo, herufi moja moja, kama anayefumua mshono kuanzia mwisho wake. Mjukuu aliniomba radhi kwa hilo. Mimi nikacheka. Cherehani yangu nayo haijui kurudi; ni nani alinizoesha kinyumenyume? Nikaweka vidole, na chini ya meza mguu wangu wa kulia, wenyewe, bila kuagizwa, ukaanza kukanyaga.

Kanyaga, uzi ungalipo.

Ee Mtawa, mwenye kioo cha kiganja, ulinifungia mlango wa soko ukaniachia dirisha. Nilikuwa sijui kichwa changu kina vyumba vingapi. Nilidhani ni kimoja, nacho kimejaa sufuria.

Nilikuwa nimeandika siku sita tu mtoto wa Dada alipopiga simu kutoka mji anakofanyia kazi.

“Mama mdogo, Jumamosi nakuja kumchukua Mama.”

“Kumpeleka wapi?”

“Kwangu. Miezi saba hasemi. Nimeongea na watu huku, wanasema ni akili inaondoka. Atakaa nasi, kuna chumba.”

“Akili yake haijaondoka, baba. Imekasirika.”

“Nilimwandikia kwenye simu ya jirani yenu, nikamuuliza kama anataka kuja. Ameitikia kwa kichwa, jirani kaniambia.”

Nikasimama na simu mkononi nikiutazama ule mgongo. Kwa hiyo alikuwa amekubali. Angeenda kukaa kwenye chumba kizuri cha mwanawe, katika mji asiojua hata kona ya kununulia uzi, na watu wangemlisha, wangemfunika, wangemzungumzia juu ya kichwa chake. Na cherehani yake ingebaki hapa chini ya shuka. Na mimi ningebaki mbele yake. Zilibaki siku tano.

Nikamrudia Mtawa.

Nilichokuwa nikiandika kilikuwa hadithi. Sikuweza kuandika “nisamehe”. Neno hilo likija peke yake linakuwa kama kikaratasi cha Dawa. Nikaandika hivi: palikuwa na mji ambako watu hawakusemezana, walivishana. Aliyekuwa na furaha alikushonea furaha, akaja nayo mkononi, ukaivaa. Aliyekuwa na swali alikushonea swali, likakubana kwapani hadi umjibu. Na katika mji huo waliishi ndugu wawili, mkubwa na mdogo, nyumba zao zinatazamana, na hakuna siku iliyopita bila nguo kuvuka njia.

Basi mlango wa mkubwa ukaziba. Haukufungwa na mtu. Uliziba wenyewe, kama mlango wa mbao ukivimba kwa mvua. Mdogo akafika na nguo yake, akasukuma, akasukuma tena. Angeweza kuzunguka hadi dirisha la nyuma. Hatua kumi. Lakini jua lilikuwa kali na mdogo alikuwa na wageni. Akaitupa nguo kizingitini, akasema, si kitu.

Nikaendelea mbele, mbele, mguu unakanyaga, mistari inapanda. Nikasimulia jinsi nguo ilivyolala kizingitini ikapauka. Nilikuwa nimeshavuka mistari kumi aibu iliponifikia. Aibu yangu hutembea polepole, ina magoti kama yangu. Nikataka kuling'oa lile “si kitu”. Nikashika kitufe cha kufutia, herufi zikaanza kuondoka, moja, moja, moja, na nikaona kwamba ili nilifikie neno moja baya nitalazimika kula mistari kumi mizuri iliyozaliwa baada yake.

Nikaondoa kidole.

Likabaki. Lipo mpaka leo. Nikashona kutoka hapo kwenda mbele.

Sasa nikuambie upumbavu wangu, na ucheke kabisa, safari hii nimekuruhusu. Alhamisi ni siku ya mafuta. Tangu niwe msichana, kila Alhamisi mashine yangu naitia matone mawili hapa, tone moja pale, naizungusha, naifuta. Mashine isiyotiwa mafuta inanung'unika, na ikinung'unika inakata uzi. Na Mtawa alikuwa amefanya kazi wiki nzima bila malalamiko. Roho ikanihurumia. Nikachukua kikopo cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu, na kwa upendo wote nilio nao, katikati ya kila kitufe na mwenzake, nikatia tone.

A ikazama, haikuibuka. N ikafa. E nikiigusa mara moja inajibu mara tano, kama mtoto anayetaka kuonekana darasani. Na Kiswahili bila A ni nini? Ni kinywa bila meno.

Nikaketi sakafuni. Hadithi ilikuwa imebakiza kurasa mbili, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, nililia, nikitazama mgongo wa Dada usiojua kwamba nyuma yake kuna mtu analia.

Hakuna wa kukuambia ufute kamasi ukiwa bibi wa watu. Unajiambia mwenyewe. Asubuhi ya Ijumaa nikamfunga Mtawa kwenye kanga, nikampeleka kwa fundi wa redio tunayemwita Waya, mwenye kibanda nyuma ya kinyozi.

Waya alifungua skrubu, akanusa. Akaninusa na mimi.

“Bibi, hii ulikuwa unaiandikia au unaikaanga?”

“Niliitia mafuta.”

“Mafuta ya nini?”

“Ya cherehani.”

“Kwani hii inashona?”

“Inashona, mwanangu. Wewe hujaona nguo yake tu.”

Alicheka hadi kinyozi akachungulia na mashine ya kunyolea mkononi. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akachukua spiriti na vijiti vya pamba, akaketi.

“Maneno yangu yamekufa?” nikamuuliza. “Yalikuwa humo ndani.”

“Maneno hayakai kwenye vitufe, Bibi. Yamekaa huku chini, pakavu.” Akanionyesha kisahani kidogo cha kijani, kisafi, hakijaguswa na tone. “Vitufe ni mlango tu.”

Mlango tu! Mtu wa redio aliyeninusa kama samaki, ananiambia jambo hilo kwenye kibanda cha bati! Nilitamani kumbusu. Nilimwambia badala yake aharakishe.

Saa tisa mchana A iliibuka. Mara ya kwanza nilipoigusa na kuiona imesimama kwenye kioo, nyembamba, wima, nilisema alhamdulillahi, na Waya akasema amina, na kinyozi, ambaye hakujua tunaombea nini, naye akasema amina.

Jioni ile hadi jua linazama nilikanyaga. Mdogo akatoka nyumbani. Akaiokota nguo iliyopauka, hakuitupa, aliishonea mikono mipya. Akazunguka. Hatua kumi zikamchukua miezi saba, maana kila hatua alikuta mahali alipowahi kupita na kusema si kitu. Akafika dirisha la nyuma. Akainua mkono kugonga.

Hapo nikaishiwa. Mdogo angesema nini dirishani? Nilijaribu mambo mengi mazuri, nikayafumua yote. Mwisho nikaandika neno moja, nikalisimamisha peke yake mwisho wa kila kitu.

Kitendawili.

Nikaacha. Unajua sheria, mwenzangu. Kila aliyelelewa kwa lugha hii anaijua. Anayetega akishasema hivyo, ulimi wake umefungwa. Hana ruhusa ya kuendelea hadi mwenzake amwambie tega. Anaweza kukaa na kitendawili chake mdomoni mpaka kiote mizizi.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuza herufi hadi zikawa kubwa kama njugu, nikamrudisha Mtawa mwanzo wa hadithi, maana kusoma anakubali, kubadilisha ndiko hakubali. Nikaingia na kiti changu. Sikukiweka nyuma ya Dada. Nilizunguka, nikapita kati yake na ukuta, nikaketi hapo, magoti yetu yakagusana, nikamwekea Mtawa mapajani. Nilimwonyesha kitufe cha kupandisha mistari. Kisha nikatoka, kwa sababu kama ningebaki ningezungumza.

Nikasimama ukumbini na ufagio, sifagii kitu.

Mlango wa nje, miguu: mtoto wa Dada amefika, suti ya safari, funguo za gari mkononi. Nikaweka kidole mdomoni, kumnyamazisha. Akasimama. Alikuwa anaanza kusema kwamba barabara ni ndefu, aliposikia kile ambacho masikio yangu yalikuwa yanakisikia yasiamini.

Tak.

Tak, tak.

Kisha kimya kirefu, kama mtu anayetafuta herufi kwenye umati. Kisha tak, na tak, na tak tak. Dada hakuwa anazisikia. Sauti yake ya kwanza baada ya miezi saba, na mimi ndiye niliyepewa.

“Mama mdogo, ni nini hicho?” akaninong'oneza.

“Mama yako anasema.”

Hatukuingia. Tulisubiri mpaka ziliponyamaza, na hazikunyamaza upesi. Tulipofungua mlango, kiti kilikuwa kimegeuka kuelekea dirishani. Mtawa alikuwa juu ya cherehani yake, juu ya shuka, na kioo kimeelekezwa upande wangu. Nikavaa miwani. Nikairudisha mistari hadi mwanzo wa maneno yake, nikasoma, na mtoto akisoma juu ya bega langu.

Kasuku, huyo mkubwa umemfanya mpole mno. Mimi si mpole na mji mzima unajua. Halafu ile “si kitu” hukuisema mara moja. Uliisema mara nne, mteja mmoja baada ya mwingine, nilikuwa nahesabu, na ya nne ndiyo nilinyamaza. Nilitaka na wewe uonje kukaa chumba kimoja na mtu usiyempata. Nikakusudia wiki moja. Kisha nikaona haya kuanza tena kusema. Mtu akinyamaza sana mlango wake mwenyewe unamvimbia. Kwa mwanangu nilikubali kwa sababu kule hakuna mtu niliyezoea kumjibu. Kusubiri niseme “tega” usisubiri. Miezi saba umeutazama mgongo wangu bila kutega, zamu yako imepita. Zamu ni yangu. Kitendawili.

Na chini yake kope za Mtawa zinapepesa.

Mtoto alimgusa mama yake begani, akaonyesha mlango, akaonyesha saa. Dada akamtazama kutoka kiatu hadi nywele. Akafungua kinywa. Sauti ilitoka kavu, kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia, na vioo vya dirisha vilitetemeka.

“Kaa chini. Nazungumza na mdogo wangu.”

Akakaa. Mwanamume mzima, kwenye rundo la vipande vya sare, suti yake ikashika nyuzi nyekundu, hakujali. Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono wenye funguo.

Siwezi kukuahidi mambo makubwa. Masikio ya Dada hayatafunguka. Nitachoka tena, najijua, na yeye atakasirika tena, namjua. Ila sasa liko dirisha, upana wa kiganja, mistari minne.

Jua lilikuwa limepanda, mwanga hauinami tena. Umesimama wima katikati ya chumba kama mtu wa nyumbani. Chembe moja ya buluu ikashuka taratibu, ikatua kwenye kioo cha Mtawa, juu kabisa ya neno la mwisho. Dada akaipuliza. Ikapaa, na katikati yetu vumbi lote likaamka pamoja nayo, likazunguka, likameremeta. Yeye akakunja mikono akanitazama, mtu anayesubiri jibu na hana siku nzima.

Nikaweka vidole. Mguu ukakanyaga.

Tega, nikaandika. Tega, Dada. Tega.